Labda Ipo

Kichina kina maneno mengi ya kumwambia mwenzako kwamba huna hakika. Kuna yexu na huoxu, ambayo Mswahili atayatia "labda" na "huenda" bila kuumiza kichwa. Kuna dagai, yaani kwa kukadiria tu. Kuna kongpa, ambalo asili yake ni kuogopa, lakini watu hulitumia hata pasipo na cha kuogopwa: naogopa basi limeshapita, naogopa duka limefungwa. Kuna shuobuding, jambo lisilosemeka kwa uhakika. Kuna ban xin ban yi, nusu kuamini nusu kushuku. Hata mbweha amepewa nafasi yake humo. Mtu mwenye mashaka husemwa ana shaka ya mbweha, kwa kuwa watu wa kale walisimulia kwamba mbweha akivuka mto ulioganda husimama kila hatua na kutega sikio, asikie kama maji bado yanapita chini ya barafu.

Haya yote nilijifunza katika mwaka wa lugha, kabla ya kuanza masomo yenyewe ya uzamili wa historia hapa Hangzhou. Ni maneno ya sokoni na ya kwenye basi, hayamdhuru mtu. Lile lililonifanya niandike makala hii nilikutana nalo baadaye, katika darasa la Kichina cha kale, na lina silabi tatu tu: mo xu you, 莫须有.

Mwalimu aliliandika ubaoni, akalifasiri neno kwa neno: "labda ipo". Kisha akatuambia tufungue kamusi ya Kichina cha leo. Kamusi haikusema "labda". Ilisema: isiyo na msingi, ya kutungwa. Kosa la mo xu you ni kosa ambalo mtu amesingiziwa. Mimi na Mtanzania mwenzangu, tuliokuwa tumekaa nyuma kabisa, tulitazamana, kwa sababu sisi tuna neno lake tayari, na wala si la vitabuni: kesi ya kubambikiwa.

Tafsiri ikawa imepatikana, na mwenzangu akafunga daftari. Mimi haikunitosha. Ukisema mtu kabambikiwa kesi, unamwona na aliyeibambika. Kuna mkono wa mtu ndani ya neno hilo, na hakuna shaka yoyote. Mo xu you imejaa shaka, tena shaka ya adabu, kama ya mtu anayejibu swali gumu huku akikoroga chai. Nilitaka kujua "labda" inasafiri vipi hadi kuwa jina la uonevu. Jibu lake liko umbali wa safari moja ya basi kutoka bwenini kwetu, kando ya Ziwa la Magharibi, penye kaburi la jemadari Yue Fei.

Mwaka 1127 Wajurchen, waliokuwa wameanzisha dola ya Jin huko kaskazini, waliuteka Kaifeng, mji mkuu wa Song, wakachukua mateka wafalme wawili kwa mpigo: Huizong, aliyekuwa ameshamwachia mwanawe kiti, na huyo mwanawe, Qinzong. Mtoto mwingine wa Huizong aliponyoka, akatawazwa, akakimbilia kusini. Huyu ndiye Gaozong. Baada ya miaka ya kuhamahama aliweka makao yake Hangzhou, uliokuwa ukiitwa Lin'an, mwaka 1138. Hata hapo mji haukuitwa mji mkuu. Uliitwa xingzai, mahali mfalme alipotua akiwa safarini, kwa kuwa kuuita mji mkuu kungekuwa kukiri kwamba Kaifeng ndiyo imekwenda. Safari hiyo ilidumu karibu miaka 140.

Yue Fei alizaliwa mwaka 1103 huko Tangyin, katika jimbo la leo la Henan, kwenye familia ya wakulima, akapanda ngazi kwa vita. Jeshi lake watu waliliita jeshi la ukoo wa Yue, na jina hilo peke yake lilitosha kumkosesha mfalme usingizi. Mwanzilishi wa enzi ya Song alikuwa jemadari aliyetwaa kiti mwaka 960 kwa kusimamishwa na askari wake mwenyewe, na warithi wake hawakusahau mlango ambao babu yao aliingilia. Mwaka 1140 Yue Fei aliwashinda Wajin huko Yancheng, akasogea kuelekea Kaifeng, kisha akaamriwa arudi. Mwaka uliofuata yeye na majemadari wawili wakubwa, Han Shizhong na Zhang Jun, waliitwa makao ya mfalme, wakapewa vyeo vya juu katika ofisi ya mambo ya vita, na majeshi yao yakaondolewa mikononi mwao. Kuna namna hiyo ya kumpandisha mtu cheo, tunaijua.

Gaozong alitaka amani na Jin, na waziri mkuu wake, Qin Hui, ndiye aliyeisimamia. Masharti yalikubaliwa mwishoni mwa 1141, Yue Fei akiwa tayari amefungwa. Mto Huai ukawa mpaka. Song ingelipa kila mwaka liang 250,000 za fedha na majora 250,000 ya hariri, na mfalme wa Song angejitaja kuwa mtumishi wa mfalme wa Jin. Kwa upande wake alirudishiwa mama yake akiwa hai na baba yake akiwa ndani ya jeneza. Kaka yake, Qinzong, hakurudi kamwe.

Kesi yenyewe ilianzia mbali kidogo na Yue Fei. Ofisa mmoja wa jeshi lake la zamani, Wang Jun, alipeleka mashtaka kwamba Zhang Xian, msaidizi wa Yue Fei, alikula njama ya kuliasisha jeshi ili bwana wake arudishiwe amri. Ushahidi uliotajwa ulikuwa barua: ilidaiwa kwamba Yue Yun, mtoto wa Yue Fei, alimwandikia Zhang Xian kuhusu mpango huo. Zhang Xian aliteswa. Yue Fei na mwanawe wakakamatwa. Mchunguzi wa kwanza, He Zhu, hakuona kitu. Historia ya Song inaeleza kwamba Yue Fei alivua nguo akamwonyesha mgongo wake, uliokuwa umechanjwa maandishi manne ya utii kwa nchi. He Zhu akaenda kusema mtu huyu hana hatia. Akaondolewa kwenye kesi, na nafasi yake akapewa Moqi Xie, ambaye aliona kila alichotakiwa kuona.

Hapo ndipo Han Shizhong alipomwendea Qin Hui na kumtaka amwonyeshe ukweli wa jambo lile. Wengine walikaa kimya, na wakati ule kukaa kimya kulikuwa na maana nzuri tu. Qin Hui alimjibu kwamba barua ya Yue Yun kwa Zhang Xian haikuwa wazi, lakini jambo lenyewe, mo xu you. Labda lipo. Han akamuuliza maneno matatu hayo yatauridhisha vipi ulimwengu. Waziri mkuu hakuwa na haja ya kuuridhisha ulimwengu. Yue Fei alikufa gerezani Januari 1142, akiwa na miaka 39 kwa hesabu ya Kichina. Zhang Xian na Yue Yun walikatwa vichwa. Yue Yun alikuwa na miaka 23, mdogo kuliko wengi wetu darasani.

Hadithi hii nilimsimulia mjomba wangu kwa simu. Kwa miaka mingi alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, anayekaa pembeni ya hakimu kusikiliza kesi za mipaka ya mashamba na mbuzi walioibwa, na ana tabia ya kusikiliza kisa chochote, hata cha harusi, kama kesi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Haya, lete hiyo kesi yako."

Nikamweleza. Akaniacha nimalize.

"Na barua yenyewe iko wapi?"

"Walisema ilichomwa moto."

"Walisema kina nani?"

"Upande wa mashtaka."

"Aliyeiona kabla haijachomwa ni nani?"

"Huyo Zhang Xian aliyeandikiwa. Naye ni mshtakiwa, tena aliteswa."

"Kwa hiyo hakuna barua," alisema mjomba. "Kuna mtu anayesema kulikuwa na barua. Hakimu wenu mngemwambia aahirishe."

Alikuwa anatania, lakini alikuwa amegusa jambo ambalo nililikuta wiki chache baadaye nikisoma sheria za zamani. Sheria ya enzi ya Tang, iliyokamilika mwaka 653, ina vifungu 502, na kifungu cha mwisho kabisa kinahusu makosa yenye shaka. Wale watunga sheria walipanga makosa yote wanayoweza kuyafikiria, wizi, uasi, uchawi, kumpiga baba, kulima shamba la mwenzio, na walipofika mwisho wakauliza: na kama hatuna hakika? Jibu lao ni kwamba pale ushahidi unapolingana pande mbili, mshtakiwa hatapewa adhabu ya kosa lile. Atajikomboa kwa kulipa shaba. Kwa kosa la kifo ni jin 120 za shaba. Song walipotoa mkusanyiko wao wa sheria mwaka 963 waliuchukua kwa sehemu kubwa kutoka Tang, kifungu hiki kikiwemo. Na nyuma yake kuna mapokeo marefu zaidi: Shangshu, kitabu cha nyaraka za kale ambacho kila ofisa wa Song alikisoma tangu utotoni, kinafundisha kwamba kosa likiwa na shaka adhabu ipunguzwe.

Sisemi kwamba hilo ni sawa na mahakama zetu, ambako upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka. Kwa Tang mtu mwenye shaka juu yake bado alitoa shaba. Hakurudi nyumbani hivihivi. Lakini shaka ilikuwa na bei, na bei hiyo iliandikwa. Swali la Han Shizhong kwa hiyo halikuwa uchungu wa rafiki peke yake. Ukikiri kwamba barua haiko wazi, umeshaitaja kesi yenyewe kuwa kesi ya shaka, na kesi ya shaka ina kifungu chake. Qin Hui alikiri shaka na kuua papo hapo, kwa pumzi moja. Nadhani hilo ndilo lililowakaa watu kooni kwa karne nane. Mwongo angesema barua tunayo.

Hukumu iliyoandikwa, ukiisoma, ina mambo mengine: kwamba Yue Fei alichelewa kupeleka msaada Huaixi mapema mwaka ule wa 1141, kwamba aliwahi kujilinganisha na mwanzilishi wa enzi kwa kupata cheo cha ugavana wa kijeshi katika umri kama wake. Hayo yamesahauliwa na wote isipokuwa sisi tunaopewa alama kwa kuyakumbuka. Jibu la mdomo ndilo lililobaki.

Wataalamu wa lugha wamegombana sana juu ya jibu hilo. Xu peke yake ni "lazima", "haina budi". You ni "kuwepo". Tatizo ni mo. Yu Zhengxie, mwanachuo wa enzi ya Qing, alipendekeza tuweke mkato: mo, kisha xu you. Kwa usomaji wake Qin Hui anasita kidogo, anavuta pumzi, halafu anasema ipo tu. Baadhi ya vitabu vya Song vyenyewe vina neno jingine mahali pa mo, neno bi, na hapo jibu linakuwa "lazima ipo". Kisha katika karne ya 20 mwanaisimu Lü Shuxiang aliliangalia swali hilo kwa utulivu, akaonyesha kwamba mo xu lilikuwa usemi wa kawaida wa mazungumzo ya watu wa Song, wa kukisia, kama mtu anayesema "si itakuwa ni hivyo?" Maelezo yake ndiyo mwalimu wetu aliyoyafuata.

Nilikuwa upande wa Lü Shuxiang tangu mwanzo, lakini kwa muda mrefu nilishindwa kuelewa jinsi watu wenye akili wanavyoweza kubishana kama maneno matatu yanamaanisha "labda" au "lazima". Ni kama kubishana kama kitu ni chumvi au sukari. Kilichonisaidia ni Kiswahili. "Labda" yetu imetoka katika Kiarabu la budda. Muulize mtu yeyote anayejua Kiarabu maana yake: hakuna njia ya kukwepa, ni lazima. Budi ile ile tunayo katika "hapana budi" na "sina budi". Kwa hiyo maneno mawili ya Kiarabu yaliposhuka pwani yetu yalizaa mara mbili. Tulipotafsiri nusu yake, la ikawa hapana, tukapata "hapana budi", neno la ulazima. Tulipoyachukua mazima tukapata "labda", neno la mtu asiyejua. Tangu hapo ndugu hawa wawili wanaishi nyumba moja, na hakuna anayewashuku kuwa ni ndugu.

Inawezekanaje? Sikiliza watu wanavyosema "lazima". Mtu akikuuliza kaka yako yuko wapi, na unamwona ameketi pale, hutasema lazima. Utasema yule pale. "Lazima atakuwa ameshafika Morogoro" husemwa na mtu ambaye hajapigiwa simu. Tunaita lazima pale macho yanapokosa na akili inapojaza. Ukilitumia hivyo vizazi viwili vitatu, ulazima unachujuka, kubaki kukisia tu. Ndiyo njia ambayo la budda ilipita, na sioni ajabu tena kwamba xu, lenye ulazima ndani yake, likiunganishwa na mo, linaweza kusimama katikati, mguu mmoja huku mmoja kule. Yu Zhengxie na Lü Shuxiang hawakuwa mbali kama nilivyodhani.

Kwa sababu hiyo, katika kazi yangu ya darasa niliacha "kesi ya kubambikiwa" na nikamtia Qin Hui maneno "labda ipo" mdomoni. Mwenzangu aliona ni tafsiri dhaifu, eti Mswahili hatasikia uonevu wowote ndani yake. Ni kweli hatausikia. Han Shizhong ndiye aliyeusikia, na ilibidi auulizie.

Sasa, kwa mtu anayesoma historia, kuna tabaka jingine la shaka, na hili halipendwi sana pembeni mwa ziwa. Tunajuaje kwamba mazungumzo hayo yalifanyika? Qin Hui alibaki waziri mkuu hadi alipofariki mwaka 1155. Mwanawe wa kupanga, Qin Xi, ndiye aliyesimamia uandishi wa kumbukumbu rasmi za miaka ile, na historia za watu binafsi zilipigwa marufuku. Nyaraka za kesi kwa hiyo zilikaa miaka mingi katika nyumba ya mshtaki. Yue Fei aliposafishwa jina, mwaka 1162, baada ya Gaozong kumwachia kiti Xiaozong, kazi ya kumwandika ilihamia upande wa pili. Mjukuu wake, Yue Ke, alikusanya nyaraka na simulizi za babu yake kwa mapenzi ya mjukuu, na alichokikusanya kikaingia kwa sehemu kubwa katika Historia ya Song, iliyokamilika mwaka 1345 chini ya utawala wa Wamongolia. Kati ya jibu la Qin Hui na kitabu tunachokisoma darasani kuna miaka 200 na ushei.

Ukianza kuvuta uzi huu, nguo yote inafumuka. Michanjo ya mgongoni imo katika Historia ya Song, lakini mama yake kumchanja kwa mkono wake, picha inayoonekana katika kila kitabu cha watoto, ni ya simulizi za baadaye. Shairi maarufu linalohesabiwa kuwa lake, Man Jiang Hong, lilianza kuonekana katika enzi ya Ming, zaidi ya miaka 300 baada ya kifo chake. Yu Jiaxi alilihoji katika miaka ya 1930, na baadaye Xia Chengtao akauliza kwa nini jemadari anayepigana na Wajurchen anataja milima ya Helan, ambayo ilikuwa kwa watu wengine kabisa, dola ya Xia Magharibi, upande ambao si wake. Mjadala haujaisha. Lakini jaribu kuulizia Man Jiang Hong mbele ya watu waliolikariri shuleni. Mimi nimejaribu mara moja, mezani, na nikaletewa supu zaidi ili ninyamaze.

Kuna shaka za namna mbili hapa, na katika Kichina zina majina tofauti. Ya Yu Jiaxi inaitwa cun yi, kuihifadhi shaka: huna hakika, basi unaiacha kama ilivyo, unaiandika pembeni ili atakayekuja aikute. Anayehifadhi shaka huacha jambo wazi. Qin Hui alilifunga jambo kwa neno lilelile la kuliacha wazi. Kwa masikio mtu hawezi kuzitofautisha. Wote wawili wanasema labda.

Kaburini hakuna labda. Yue Fei alizikwa upya kwa heshima baada ya kusafishwa jina, na mwanawe yupo kando yake. Mbele yao wamepiga magoti watu wanne wa chuma, vifua wazi, mikono imefungwa nyuma: Qin Hui, mkewe Bibi Wang, Moqi Xie, na yule jemadari Zhang Jun aliyeshiriki kuwaandama wenzake. Sanamu za kwanza ziliwekwa mwaka 1513. Zimevunjwa na kutengenezwa upya mara nyingi, kwa kuwa watu walizipiga, wakazikojolea, wakazitemea. Kaburi lenyewe lilivunjwa mwaka 1966, katika Mapinduzi ya Utamaduni, likajengwa tena mwaka 1979. Sasa wageni hawaruhusiwi kutema mate, lakini nimeona mzee mmoja aliyevaa vizuri akiangalia kushoto na kulia kwanza.

Chakula nacho kimehukumu. Vile vijiti virefu vya unga vinavyokaangwa kwenye mafuta hadi vikafura, ambavyo watu hula asubuhi kwa uji, watu husimulia kwamba mwanzo wake ni sanamu mbili za unga, Qin Hui na mkewe, mgongo kwa mgongo, wakitoswa kwenye mafuta ya moto. Hapa Hangzhou kuna kitafunwa kingine ambacho jina lake bado lina Hui ndani. Ni kitamu, hasa kikiwa na kitunguu cha majani.

Aliyekosekana pale ni mfalme. He Zhu alipokwenda kumtetea Yue Fei, inasimuliwa kwamba Qin Hui alimjibu kuwa hayo ni mapenzi ya aliye juu. Tayari katika enzi ya Ming mchoraji na mshairi Wen Zhengming aliandika wazi kwamba Qin Hui peke yake asingeweza. Alikuwa ameigundua haja ya Gaozong na kuitimiza. Wanahistoria wengi wa leo wanakubaliana naye. Lakini waliopigishwa magoti ni wanne, na kila mmoja wao alikuwa na mtu wa kumsikiliza.

Han Shizhong alinusurika. Aliacha vyeo vyake katika mwaka uleule wa 1141, akakaa hapa mjini akijiita Mkaaji wa Qingliang, mlevi kidogo, akizunguka ziwa juu ya punda na watumishi wawili watatu, akikataa kuzungumza habari za vita. Alifariki mwaka 1151, kitandani kwake.

Mwezi wa 3 wa mwaka 1142, kwa kalenda ya Kichina, ikiwa imepita miezi 2 na siku chache tangu Yue Fei auawe, Han alijenga kibanda cha kupumzikia juu ya kilima cha Feilai, mkabala na hekalu la Lingyin, akakiita Cuiwei. Huko Chizhou, mbali na hapa, palikuwa na kibanda chenye jina hilohilo, ambacho Yue Fei aliwahi kukitungia shairi. Maandishi ya Han yamechongwa mwambani, kwa mwandiko wa mwanawe. Yanasema kwamba alipita Lingyin, akapanda kutazama mandhari, akakuta msingi wa zamani, akajenga kibanda kipya. Yanataja jina la kibanda na tarehe. Jina la Yue Fei halimo. Kila kitabu cha watalii kinasema alikijenga kwa kumkumbuka rafiki yake, na mimi nilipopanda pale mvua ikinyesha, nikasoma mwamba ule herufi kwa herufi, niliandika katika daftari kile ambacho mwamba unakiruhusu: labda.